Kilomita kumi na moja kwenda kuangalia jiwe

Mama yangu yuko Igombe, nje kidogo ya Mwanza mjini, na kila Jumapili lazima nimpigie, la sivyo Jumatatu asubuhi atakuwa ameshawapigia ndugu wote kuuliza kama niko hai. Sasa kuna Jumapili moja ya mwezi wa kumi nilimpigia nikiwa nimelala chali sakafuni magoti yamevimba. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, mbona sauti kama ya mgonjwa? Nikamwambia jana tulienda kutembea porini mimi na shemeji, kilomita kumi na moja. Mlikuwa mnaenda wapi? Kwenye mlima. Kufanya nini? Kufika kileleni. Na huko kileleni kuna nini? Kuna jiwe, mama, na kibao cha chuma kimepachikwa kwenye jiwe. Akanyamaza, nikadhani netiweki imekata, kumbe anatafakari. Akasema, "Mwanangu, umetoka Mwanza ukapanda ndege mbili kwenda kuangalia jiwe?"

Anayeijua Mwanza atamwelewa mama. Mawe ndo mji wenyewe, yapo ziwani, yapo milimani, yapo nyuma ya choo cha jirani, watu wamejenga juu yake na katikati yake, hakuna mtu Mwanza anayekosa jiwe la kuangalia. Halafu kuna suala la kutembea. Kwetu kutembea ni kazi, siyo starehe. Shule ya msingi nilikuwa naenda kwa miguu asubuhi na kurudi mchana, jioni ndoo ya maji, na ukimuona mtu mzima anatembea umbali mrefu hana mzigo wowote unajua ama nauli imemuishia ama kuna msiba mbele. Kwa hiyo nilipofika jimbo la Minnesota huku Marekani na kuona watu wananunua viatu vya dola mia mbili ili wakatembee wakati gari wanayo, nilicheka sana. Na nikajiambia hiki kitu wazungu hawawezi kunifundisha, kutembea nimezaliwa nakujua. Hiyo sentensi naomba muishike maana ndo iliyoniponza.

Tunaishi karibu na Minneapolis, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Mambo yalianza kwa sababu ya ziwa, siyo kwa sababu ya milima. Shuleni sote tulikariri kwamba Ziwa Victoria ni kubwa kuliko yote Afrika na ni la pili duniani kati ya maziwa ya maji baridi, tukawa tunatamba nalo, na nadhani mwalimu alitaja la kwanza ila nani alisikiliza? Miaka imepita niko kazini usiku naangalia ramani ya ukutani, naona ziwa kubwa juu kule limeandikwa Superior, namuuliza mwenzangu wa zamu, ananiambia hilo ndo kubwa kuliko yote duniani kwa eneo. Kha! Kumbe mshindi wetu naishi naye jimbo moja. Victoria ina kama kilomita za mraba 68,800, hili lina 82,000 na ushee. Na kina ndo usiseme, letu linafika mita 80 hivi, hili linapita 400. Nikasema lazima nikamuone huyu.

Ukitoka Minneapolis ni kama saa tano kwa gari mpaka Grand Marais, mji mdogo ndo makao makuu ya Cook County. Kaunti huku ichukulie kama wilaya. Hii iko kwenye pembe kabisa ya jimbo, imechongoka kama ncha ya mshale, upande mmoja Superior, upande mwingine Kanada, na katikati ni msitu, maziwa madogo madogo yasiyo na idadi, na mito inayoporomoka kutoka milimani kuingia ziwa kubwa. Sensa ya 2020 waliwakuta watu kama 5,600 kaunti nzima. Kata moja tu ya Mwanza mjini inaweza kuwameza wote na bado nafasi ikabaki. Unaendesha Barabara 61 ziwa liko kulia kwako, na kila baada ya dakika chache unapita daraja na kibao cha mto: Temperance, Poplar, Cascade, Devil Track, Brule. Na kwenye karibu kila mto kuna njia ya miguu inayopanda nao.

Kuna njia moja ndefu inaitwa Superior Hiking Trail, inafuata milima ya kandokando ya ziwa kwa karibu kilomita 500 mpaka karibu na mpaka wa Kanada, chama kinachoitunza kilianzishwa 1986. Huna haja ya kuitembea yote, unapaki gari pale inapokatiza barabara unachukua kipande chako. Alama yake ni mstari wa rangi ya bluu kwenye mti, urefu kama kiganja, ukiona bluu uko njiani, ukiona nyeupe ni kichochoro cha kwenda kuangalia mandhari na utarudi hapo hapo. Mimi nikazoea ile bluu kama vile mtu anavyozoea kibao cha daladala. Na hii nayo mkumbuke.

Mara ya kwanza tulienda Mto Temperance, mimi na shemeji, mdogo wake mama watoto. Yeye mtoto wa Dar, Mbagala, kijana wa bodaboda na bajaji, nilimchukua makusudi nimuoneshe jinsi watu wa bara tunavyotembea. Jina la ule mto lina utani wake, temperance ni mambo ya kutokunywa pombe. Mito mingine mingi ina fungu la mchanga pale inapoingia ziwani, na fungu hilo kwa kiingereza linaitwa kwa neno lile lile la baa ya pombe, sasa mto huu hauna fungu la mchanga, maana yake mto hauna baa, basi wakauita mto wa wasiokunywa. Shemeji alicheka siku mbili baadaye alipoelewa.

Kilichonishangaza ni maji. Yana rangi ya chai ya rangi, ile iliyokolea kabisa, na povu la rangi ya krimu linazunguka pembeni. Nikasema wamechafua, kiwanda gani hiki? Hakuna kiwanda. Ni majani na mizizi na matope meusi ya vinamasi vya huko juu yanaloweka maji kama majani ya chai kwenye birika. Mto unapita kwenye ufa wa mwamba mwembamba kiasi kwamba kuna sehemu unasikia ngurumo chini ya miguu ila maji huyaoni, unachungulia tu unaona giza na mvuke, na kwenye mwamba kuna mashimo ya duara kama vinu, kokoto zimezungushwa na maji miaka na miaka mpaka zikatoboa jiwe. Nilikaa pale nusu saa. Shemeji akawa ananiita, shemeji twende, shemeji tumekuja kutembea au kukaa? Ile siku ilienda vizuri, tukapanda mpaka kilele cha Carlton, ziwa lote liko chini, tukala maandazi, tukashuka. Na ndo ubaya wa siku ya kwanza kwenda vizuri, nikajiona fundi.

Sehemu ya pili Mto Brule, kwenye hifadhi ya jimbo inaitwa Judge C.R. Magney. Kuingia na gari ni dola 7 kwa siku, ukienda mara nyingi bora stika ya mwaka. Hapa kuna kitu kinaitwa Birika la Shetani. Mto unakuja, unakutana na jiwe katikati, unagawanyika, nusu ya kulia inaanguka kama maporomoko mengine yoyote na kuendelea na safari zake, nusu ya kushoto inaingia kwenye shimo la mwamba. Basi. Imeingia. Unasubiri uone inatokea wapi huoni. Watu wameshatupa humo magogo, mipira midogo, rangi, hakuna kilichoonekana kikitoka, na hadithi zikazidi mpaka wengine wakasema mtu alitumbukiza gari. Tulikaa tumelitolea macho lile shimo, shemeji akasema, "Shemeji, hapa ingekuwa kwetu pangekuwa na mganga, na pembeni mtu anakata tiketi."

Jibu lenyewe lilipatikana kirahisi mpaka inatia hasira. Mwaka 2016 wataalamu wa maji wa jimbo walipima mto juu ya lile shimo wakapata futi za ujazo 123 kwa sekunde, wakapima chini yake wakapata 121, yaani ni maji yale yale, yanarudi mtoni chini kwa chini hapo hapo mbele. Na vile vitu vilivyotupwa visionekane ni kwa sababu nguvu ya maji mle ndani inasagasaga kila kitu. Mimi nilivyosoma hiyo habari nilisikitika kidogo, sijui kwanini, nilipenda liende kwa shetani.

Ila kilichonibakia Brule siyo shimo, ni ngazi. Ukienda kwenye mlima unaanza kwa kupanda ukiwa na nguvu, unarudi kwa kushuka umechoka, kila kitu kiko sawa. Kwenye bonde la mto ni kinyume, unashuka kwanza ngazi za mbao karibu mia mbili unaimba na kupiga picha, unafika chini unafurahi, halafu ndo unageuka unaziona zinakungoja. Tulimkuta mama mmoja wa makamo amekaa ngazi ya katikati anahema, mumewe anampepea kwa kofia. Nikampita kwa maringo nikamwambia pole mama kwa kiswahili. Ngazi thelathini mbele na mimi nikakaa.

Sasa tuje kwenye jiwe.

Mlima Eagle ndo sehemu ya juu kabisa jimbo zima la Minnesota, mita 701. Mita mia saba na moja! Ziwa Victoria uso wake wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari, yaani mama akiinama kuchota maji pale Igombe yuko juu kuliko kilele cha Minnesota kwa zaidi ya mita mia nne. Nilipolijua hilo dharau ikanipanda kichwani. Nikamwambia shemeji hiki siyo kilima, hii ni tuta, kwenda na kurudi kilomita kumi na moja, mimi kumi na moja nilikuwa natembea nikiwa na madaftari kichwani, masaa mawili tumemaliza. Ilikuwa Jumamosi, katikati ya mwezi wa kumi. Nilitoka zamu asubuhi, nikalala kidogo kwenye gari shemeji akiendesha, tukafika pakingi saa nane mchana. Pale mwanzo wa njia kuna kisanduku cha karatasi za kibali, bure, unajijazia mwenyewe maana unaingia kwenye pori la akiba, nikajaza haraka haraka hata tarehe nikakosea.

Nimevaa jinzi, fulana ya pamba, sweta la pamba. Mimi mtoto wa Usukumani, pamba ndo dhahabu nyeupe ya kwetu, pamba ilisomesha watoto wa wajomba zangu wote, ningejuaje kwamba porini huku pamba ni adui? Shemeji yeye alikuja na mkoba mgongoni umejaa utadhani anahama, nikamtania njia nzima, oyaa Mbagala, umebeba na kitanda?

Ile njia haina mteremko mkali mwanzoni, ila haina hata hatua tano mfululizo za udongo mtupu. Ni mizizi, jiwe, mzizi, jiwe, tope, halafu mbao mbili nyembamba zimelazwa juu ya kinamasi upite kama unapita kwenye kamba, halafu tena mizizi. Huwezi kutembea unaangalia mbele, unatembea unaangalia vidole vyako. Na majani yalikuwa yameshaanguka yote yamefunika njia, ya njano na ya kahawia, mazuri ajabu, na chini yake jiwe limelowa linakusubiri. Kilomita nne za kwanza mpaka kwenye kiziwa kinaitwa Whale, maana yake nyangumi ingawa nyangumi hayupo, zilitumaliza saa moja na nusu na zaidi. Hapo nilitakiwa niangalie saa. Sikuangalia, niliangalia mlima. Kutoka pale ndo unapanda kweli kweli, kama saa moja nyingine, tukafika kwenye mwamba wazi tukaona misitu na maziwa mpaka macho yanaisha, halafu mbele kidogo kwenye miti ndo kilele chenyewe, jiwe na kibao. Picha. Saa kumi na moja kasoro robo.

Hapa ndo nataka niseme kitu ambacho mtu wa kwetu akija huku lazima aambiwe na haambiwi. Sisi tumekulia karibu na mstari wa ikweta, jua letu ni kama mwajiriwa wa serikali, linaingia na kutoka muda ule ule mwaka mzima, saa kumi na mbili na nusu au saa moja kasoro limezama, na giza likianza haliombi ruhusa. Hatuna akilini kabisa kwamba jua linaweza kubadilisha zamu. Huku mwezi wa sita linazama saa tatu usiku, nilikuwa nimeshalizoea hilo, natembea mpaka usiku mweupe. Mwezi wa kumi na mbili linazama saa kumi na robo, kumi na robo! Na siku ile linazama saa kumi na mbili na robo na mimi saa kumi na moja kasoro niko kileleni napiga picha nikiamini nina mchana wa kumwaga.

Tulifika tena kwenye kile kiziwa giza limeshaanza kushika. Mvua nayo ikaanza, siyo kubwa, manyunyu ya baridi. Sweta likalowa likawa zito, jinzi ikanata mapajani, na nikaanza kutetemeka nikiwa natembea, kitu ambacho sikuwahi kujua kinawezekana, kwetu ukitembea unapata joto. Nikatoa simu niwashe tochi, chaji asilimia kumi na nane, netiweki hakuna hata mstari. Dakika kumi na tano baadaye simu ikazima yenyewe, baridi huwa inakula betri. Na hapo ndo nikaikumbuka ile rangi ya bluu. Nikawa naangalia mti baada ya mti natafuta bluu, sikuona hata moja, hii siyo ile njia ndefu, hii ni njia ya pori, unatakiwa uijue kwa miguu na macho. Majani yamefunika kila kitu, kila upenyo kati ya miti unafanana na njia.

Nyuma yangu nikasikia zipu. Shemeji anafungua ule mkoba niliokuwa namcheka. Akatoa tochi ya kichwani, ile aliyonunua ya kufanyia kazi chini ya gari, akavaa, akatoa jaketi la mvua akanipa, akatoa na karanga.

Nikamwambia twende, njia ni hii, twende tu tutatokea. Akasema, "Shemeji, samahani, wewe ni mkubwa wangu, ila naomba tusimame kwanza."

Nilikasirika jamani. Yaani mtoto wa Mbagala ananisimamisha mimi. Ila meno yalikuwa yanagongana sikuweza kubishana. Akaniuliza mara ya mwisho ulikanyaga mbao wapi? Tukarudi nyuma taratibu hatua kama hamsini, tukaikuta mbao. Akasema wewe kaa hapa kwenye mbao, usihame, piga makofi kila baada ya muda, mimi naenda mbele kidogo natafuta, nisipoona narudi kwenye makofi. Alikuwa ameona kwenye video mtandaoni huko wakati mimi namwambia kutembea hakuhitaji video. Nikasimama kwenye kambao gizani napiga makofi kama mtu yuko kanisani peke yake. Na hapo hapo, naapa, bundi akalia. Karibu kabisa. Mwenye kujua habari za bundi kwetu anajua nilichowaza, nilishaanza kupanga nani atamwambia mama. Kwa mbali nikasikia shemeji anasema, "Shemeji usimjibu!" kisha anacheka, na baada ya muda, "Nimeiona, njoo, fuata mwanga."

Tulifanya hivo mara tatu. Mbao, makofi, tafuta, njoo. Kilomita mbili zilizobaki zilitula saa moja na nusu, tukaliona gari saa tatu kasoro, tukawasha hita, hakuna aliyeongea mpaka karibu na Grand Marais, halafu akasema, "Na kitanda kilikuwa humo pia, ila hukukiulizia."

Basi tangu siku hiyo tunaenda ila tunaenda tofauti. Kitu cha kwanza tunachoulizana siyo kilomita, ni jua linazama saa ngapi, tunagawa muda ule katikati, nusu ikifika tunageuka hata kama kilele kiko pale pale tunakiona. Hilo la kugeuka ndo gumu kuliko kupanda. Mwezi wa tano mwaka uliofuata tulikuwa juu ya Mto Cascade, theluji ndo kwanza imeyeyuka, njia ni tope mpaka kwenye vifundo, shemeji anasema muda, nami naona kabisa uwazi wa kilele hapo juu, dakika ishirini tu, roho inaniambia nenda umetoka mbali. Tukageuka. Iliniuma kama nimerudisha mahari.

Mengine ni madogo madogo. Pamba inabaki nyumbani, soksi za sufu, bei yake utadhani wamekuuzia kondoo mzima ila vaa. Tochi kila mtu yake, simu siyo tochi. Mkishuka mahali hakuna netiweki muachie mtu wa nyumbani ujumbe mnaenda wapi na mkichelewa mpaka saa ngapi apige simu, mama watoto siku ile alijua tuko mji wa Duluth tunafanya shopingi. Dubu wapo, weusi, na wao wanakuogopa kuliko unavyowaogopa, ongea kwa sauti tu, na waswahili kwenye kuongea kwa sauti hatuna shida. Nilichoogopa baadaye ni kupe, wadogo kama mbegu ya ufuta, wana ugonjwa wao mbaya wa viungo, ukirudi nyumbani jikague mpaka nyuma ya magoti. Mwisho wa mwezi wa tano na wa sita visubi wanakuja kwa makundi, wanang'ata nyuma ya masikio damu inatoka, mbu wakifuatia, wakati huo mimi huwa nasema niko bize. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja ni msimu wa bunduki za kuwinda paa, ukiingia msituni vaa rangi ya machungwa inayowaka, usijifanye unapenda kaki.

Na mwisho wa mwezi wa tisa nenda, hata kama unaumwa nenda. Miti ya huko juu inageuka nyekundu na machungwa mlima mzima, kuna kilima kinaitwa Oberg njia yake ni kama kilomita tatu na nusu tu mzunguko, watoto wanaweza, ila fika mapema pakingi inajaa kama uwanja wa Kirumba siku ya mechi.

Mwaka huu mwezi wa tisa nikampigia mama kwa video nikiwa pale Grand Marais kwenye miamba iliyoingia ziwani. Nikamzungushia simu aone. Akaangalia muda mrefu. Akauliza hilo ni bahari? Nikasema ziwa. Akasema onja. Nikainama nikaonja, baridi mpaka meno yakauma, nikamwambia halina chumvi mama. Akasema sasa mbona hakuna mtumbwi hata mmoja, hakuna dagaa wameanikwa, hakuna anayefua, hilo ziwa wanalifanyia nini? Nikasema wanaliangalia. Akaguna.

Halafu akauliza kama lina mawimbi. Nilijua swali linatoka wapi, mama hawezi kuangalia maji makubwa bila kukumbuka MV Bukoba, mwezi wa tano 1996, kuna watu wa mtaani kwetu hawakurudi. Nikamwambia ukweli, lina mawimbi mabaya sana mwezi wa kumi na moja, mwaka 1975 meli ya mizigo ya zaidi ya mita mia mbili ilizama humu na watu wote 29.

Akakaa kimya. Akauliza, "Na kule kwenye jiwe, unaenda bado?"

"Naenda mama."

"Na shemeji yako?"

"Ndiye anayeshika tochi."

"Haya. Basi nyie tembeeni kwa miguu."